Saraka au Kabrasha? Tahakiki ya Istilahi Moja ya Unix

Watafsiri wa istilahi za kompyuta hutumia maneno mawili kwa dhana moja: saraka na kabrasha. Kwa mfumo wa Unix, ulioanza kubuniwa Bell Labs mwaka 1969, maneno hayo hayalingani.

Kabrasha hubeba karatasi, na karatasi iliyo ndani yake haiwezi wakati huohuo kuwa ndani ya jingine. Saraka ya Unix haibebi kitu. Ni orodha ya majina, na kila jina limeandikiwa nambari ya faili. Nambari hiyo ndiyo ielekezayo mahali yalipo maandishi katika diski. Hivyo faili moja yaweza kuorodheshwa katika saraka mbili za diski ileile, hata kwa majina tofauti, kama mtu aliyeandikwa katika daftari la Mitwaba na tena katika lile la Lubumbashi. Madaftari ni mawili, mtu ni mmoja. Kufuta jina lake Mitwaba si kumwua. Amri ya rm nayo hufuta jina tu. Faili yenyewe hubaki maadamu lipo jina jingine.

Mwanafunzi aliyefunzwa kabrasha hana budi kwanza kuusahau mfano aliopewa. Kasoro hii si ya Kiswahili pekee: dossier ya Kifaransa, iliyozoeleka Lubumbashi, inayo vilevile, ilhali répertoire imeepukana nayo.

Kuhusu mzizi, yaani saraka ya juu kabisa iandikwayo kwa mkwaju mmoja, lawama ni ndogo. Mti umepinduliwa, lakini matawi yanahesabika.