Ukingo Hauzaliwi Laini

Meza za ubao mzima, zile zenye ukingo uliopinda jinsi mti ulivyokua, zinauzwa Nairobi kwa jina moja: "za asili". Hilo neno ndilo linanikera. Niliacha chuo kikuu, kwa hivyo sina nadharia ya sanaa ya kuwauzia. Nina vidole tu.

Asili gani, jamani? Ubao wa inchi mbili ukianikwa unaweza kuchukua miaka miwili kukauka; mafundi hukadiria mwaka kwa kila inchi. Gome linabanduliwa, maana wadudu hujificha chini yake na likiachwa litaanguka lenyewe. Halafu msasa: namba 80, 120, 180, mpaka 220. Ukiruka namba, mikwaruzo inanyamaza tu hadi upake mafuta, ndipo inajitokeza yote. Ukingo nao ukiusugua kwa pupa na mashine, mabonde yake yanapotea. Unafuatwa kwa mkono, polepole. Yaani sehemu inayoonekana haijaguswa ndiyo imeguswa kwa uangalifu zaidi.

Kiswahili kinaijua kazi hii. Msasa ni mti pia, wenye majani yanayokwaruza, na watu walisugulia mbao hayo majani.

Bingwa wa meza hizi ni George Nakashima, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, aliyezaliwa 1905. Wakati wa Vita vya Pili serikali ya Marekani ilimfungia na familia yake katika kambi ya Minidoka, Idaho. Humo ndani alijifunza kutoka kwa seremala wa Kijapani, Gentaro Hikogawa. Baadaye, akiwa Pennsylvania, aliacha nyufa za ubao zionekane, akizishikilia na vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo. Ufa unabaki ufa, na unaona alivyouzuia usiendelee.

Linganisha na mtindo wa siku hizi wa kumwaga epoksi ya buluu katikati ya mbao mbili na kuiita mto. Kuna zinazopendeza, sikatai. Lakini nyingi zinang'aa kama kioo cha simu: unagusa plastiki, mti uko chini kama samaki kwenye barafu. Ukamilishaji mzuri unakuacha uhisi mbao. Huu unaificha, na unamficha pia aliyeisugua.

Na huyo anastahili kuonekana. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeweka vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fundi akisugua siku nzima na kitambaa tu puani, mapafu yake yanalipia huo ulaini. Neno "asili" linatufanya tudhani hakuna aliyefanya kazi, basi hatuulizi kama ana barakoa.

Kwa hivyo ukienda kununua, pitisha kiganja chini ya meza. Upande wa chini ukiwa haujapakwa chochote, unyevu utaingia na kutoka huko haraka kuliko juu, na ubao unaweza kupinda. Kisha uliza ni nani aliupiga msasa, na alivaa nini usoni.