Kumbukumbu Moja, Masjala Nyingi

Mpangilio wa istilahi hupimwa kwa kazi unayoirahisisha. Katika makala haya tunaupima mpangilio wa Linux, kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa swali moja: kiendeshi cha chombo cha kumbukumbu kiwekwe wapi? Kwa neno kiendeshi tunakusudia programu inayokiwezesha kiini kukiamuru kifaa fulani.

Yaelekea mgeni angejibu kwamba kila chenye jina la kumbukumbu kiwekwe pamoja. Wajenzi wa Linux hawakufuata njia hiyo, na kwa maoni yetu walifanya vyema. Saraka iitwayo mm si ya kuendesha chipu fulani. Kazi yake ni kuzigawia programu kurasa za kumbukumbu na kuzitwaa tena. Viendeshi vya vidhibiti, yaani vifaa vinavyopanga nyakati za kuzifikia chipu, vina saraka yao mbali na hiyo. Vile vinavyogundua makosa ya biti vimo katika edac, iliyoingia mwaka 2006, na vile vya chipu za flashi vimo katika mtd. Kigezo, basi, ni huduma inayotolewa, wala si jina la kifaa.

Dosari ilizuka pale kigezo hicho kilipoachwa. Ipo saraka iitwayo misc, yaani "mengineyo", na mtumishi yeyote aliyepata kufanya kazi masjala anajua jinsi jalada la jina hilo linavyonenepa. Humo viliwekwa viendeshi vya chipu ndogo zinazotunza yaliyomo hata umeme ukikatika, kama vile anwani ya mtandao ya kifaa. Kwa kuwa havikuwa na jina la pamoja, havikuwa pia na njia ya pamoja. Kila mwandishi alilazimika kuandika upya takriban msimbo ule ule. Mwaka 2015, katika toleo la 4.3, ndipo ulipoundwa mfumo mdogo wa nvmem ili kuondoa adha hiyo. Hata hivyo, kiendeshi kinachoitwa at24 kimebaki katika misc, ingawa hujiandikisha kwa nvmem. Makazi yake na kazi yake havikubaliani, na anayekitafuta kwa kazi yake hatakikuta anapokitarajia.

Sisi watu wa istilahi tuna jalada letu la mengineyo, nalo ni neno "kumbukumbu". Katika kikao lina maana ya maandishi ya yaliyojadiliwa. Katika kompyuta tumelibebesha kila kitu kinachotunza biti. Tukimwandikia mwanafunzi "kiendeshi cha kumbukumbu" bila kuongeza neno, tumempeleka kwenye masjala nyingi bila namba ya jalada.

Huenda mfasiri akajitetea kwamba Kiingereza nacho hutumia neno moja. Utetezi huo hautoshi, kwani mfasiri anadaiwa dhana, wala hadaiwi ufinyu wa neno la kigeni. Tunapendekeza "kumbukumbu" ibaki kwa ile ya kufanyia kazi, inayopotea umeme ukikatika. "Hifadhi" itumike kwa inayodumu. Na "usimamizi wa kumbukumbu", "kidhibiti kumbukumbu" na "kigunduzi makosa" yaorodheshwe kama vidahizo vinavyojitegemea. Kabla ya kuingiza istilahi yoyote katika orodha, hatuna budi kuuliza kwanza kitu hicho kinamhudumia nani, na kwa njia gani.