Wimbo usio maneno nao una maudhui

Kuna kauli tunayopenda kuwakaririsha wanafunzi: fani ni chombo, maudhui ndiyo yaliyomo. Haya basi, wimbo usio na neno hata moja una maudhui gani? Swali hili limenikera tangu niisikilize Animals as Leaders, albamu ya mwaka 2009 ya Tosin Abasi, mpiga gitaa Mmarekani mwenye asili ya Nigeria.

Abasi hupiga gitaa la nyuzi nane badala ya sita za kawaida. Nyuzi mbili za ziada humpa sauti nzito za chini, huku vidole vyake vikikimbia juu kama cherehani. Mizani hubadilika kila mara; ukianza tu kutikisa kichwa, mdundo umeshakugeuka! Ngoma zenyewe zilitungwa kwa kompyuta na Misha Mansoor, na hapo ndipo nilipotaka kulaumu: hazipumui, hazichoki.

Lakini hebu msikilize “CAFO”. Jina hilo ni akronimu ya Kiingereza ya ufugaji wa kiwandani, ambapo wanyama husongamanishwa wanenepeshwe kwa ajili ya nyama. Ukishalijua hilo, kasi ile isiyo na huruma huwa mlio wa mtambo, si mbwembwe za msanii. Hata ngoma zisizopumua zinapata kazi.

Herufi nne tu zimetuelekeza. Mengine yote yamesemwa na fani. Anayedai huu ni ufundi mtupu aanze kwa kusoma anwani. Nami darasani, ile kauli ya chombo na kilichomo sitaikaririsha tena.