"Amkeni Toka Huko": Ngonjera ya Mazingira Mbele ya Watu wa Wesha

Utangulizi

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, vyuo vyetu huwa na sura moja. Fulana hugawiwa, uwanja hufagiwa, miche hupangwa kivulini, na mgeni rasmi husubiriwa mpaka jua likawa kali. Kabla hajasimama kuhutubia, huitwa wanafunzi wa Kiswahili "watuburudishe kidogo". Hapo ndipo fasihi inapoingia katika shughuli ya mazingira: baina ya dua ya kufungulia na hotuba.

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya riwaya na tamthilia zilizochapwa. Kazi hizi zinazotungwa kwa wiki moja na kusahauliwa siku ya pili yake hakuna anayezigusa. Nadhani ni makosa. Kijijini kwetu, walioisikia ngonjera ya mazingira ni wengi kuliko waliowahi kuifungua riwaya. Basi ikiwa tunaamini kweli kwamba fasihi ni kioo cha jamii, na kioo hiki nacho tukitazame.

Katika makala hii ninakusudia kuhakiki ngonjera moja ya aina hiyo. Mtunzi wake namjua vizuri, maana ni mimi mwenyewe. Niliitunga nikiwa mwaka wa kwanza. Ilisomwa chuoni ikapigiwa makofi, kisha ikachukuliwa mpaka Wesha, kilomita chache magharibi ya mji wa Chake Chake, ambako wanafunzi walikwenda kupanda mikoko. Wesha ni kwetu. Waliokaa juu ya majamvi kunisikiliza ni watu walionilea.

Ngonjera na ukoo wake

Ngonjera ni ushairi wa majibizano. Aliyeipa nguvu Tanzania ni Mathias Mnyampala, ambaye vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa keshafariki tangu 1969. Zama hizo zilikuwa za Azimio la Arusha la 1967, na ngonjera ilifaa sana kazi ya kueneza siasa: mmoja hajui, mwengine anajua, wanajibizana, na mwisho asiyejua anakubali. Skuli zetu zote zimepita humo. Hata leo mwalimu akiambiwa kuna mgeni, jambo la kwanza analofikiri ni ngonjera.

Umbo hili lina sifa yake. Linasikika, linakaririka, na mtoto wa darasa la tatu analiweza. Lakini lina kasoro moja kubwa: hukumu imekatwa kabla ya mashtaka kusomwa. Asiyejua hana hoja, ana ujinga tu. Kazi yake ni kusema upuuzi ili ajibiwe.

Ngonjera yangu ilifuata njia hiyo hiyo. Wahusika ni wawili, Msomi na Mkata-mikoko. Mkata-mikoko ana beti nne, na katika zote hasemi kwa nini anakata. Anasema tu kwamba yeye hajali, kwamba miti ni mingi, kwamba ya kesho ataona kesho. Katika ubeti wa nane anaomba msamaha na kutupa shoka. Makofi yakapigwa.

Sasa nitasema jambo ambalo chuoni sikulisema. Mjomba wangu amekata mikoko miaka mingi. Boriti zake zimeezekea nyumba kadhaa pale kijijini, na ndizo zilizoninunulia sare na madaftari. Mkata-mikoko wa kweli alikuwa na hoja, na mtunzi aliijua hoja hiyo, tena alikuwa amevaa hoja hiyo mwilini. Umbo la ngonjera halikuwa na nafasi ya kuitia, nami sikulilazimisha. Hapa siwezi kumlaumu Mnyampala.

Vina na mizigo yake

Nitoe mishororo miwili niliyokuwa nikijivunia:

Mwakata ovyo mikoko, hamuoni na madhara,
Amkeni toka huko, mtunze na mazingira.

Kiarudhi haina kosa. Mizani ni minane kwa minane, vina vya kati ni -ko, vya mwisho ni -ra. Mwalimu wa ushairi angeweka alama ya vyema. Lakini tuitazame kwa karibu.

Kwanza, neno "na" katika mishororo yote miwili halina kazi ila kujaza mizani. Lichomoe, maana hayapungui kitu.

Pili, kina cha -ra. Mtunzi wa shairi la mazingira takriban huwa amekwisha kufungwa kabla hajaanza, kwa sababu lazima neno "mazingira" lije mwisho wa mshororo. Likishakaa hapo, yanayofuata yanajulikana: madhara, hasara, busara, imara, dira, bora. Nimesikia ngonjera tano au sita za vyuo mbalimbali na maneno ni hayo hayo, yamebadilishwa viti tu. Kumbe mawazo yetu yanayofanana hayatoki kwenye utafiti. Yanatoka kwenye kina! Waliogombana juu ya mashairi ya mapingiti baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974 waligombea jambo kubwa kuliko nilivyofikiri darasani. Simaanishi kwamba vina ni vibaya. Nasema mtunzi mvivu hufikiriwa na vina vyake.

Na neno lenyewe, mazingira, kwetu pwani nani analisema? Hutalisikia mtu akisema "nakwenda mazingirani". Watu wanasema pwani, bonde, shamba, msitu, mwamba, mkondo. Kila neno lina kazi yake na mwenyewe wake. "Mazingira" ni jumla ya vyote hivyo, na jumla hiyo ni ya ofisini. Ndivyo ilivyo hata kwa mikoko. Msomi wangu alisema "mikoko" tu, kama kwamba ni mti mmoja. Mjomba ana mkoko, mkandaa, mchu, msindi na mlilana, na kila mmoja anajua unapokaa, upi uko mbele kwenye maji na upi uko nyuma kwenye kikavu. Kati ya Msomi na Mkata-mikoko, msomi ni yupi?

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike, ni neno "huko". Nilipomaliza kusoma na watu kutawanyika, mjomba alinifuata. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno hilo hilo moja.

"Mjomba," akaniambia, "nzuri. Lakini hiyo 'huko' ndo wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia ni kina tu, nilitaka -ko.

"Aa. Mie n'kadhani ni hapa."

Hakusema zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama Wesha, nazungumza na watu wa Wesha, na Wesha nimeiita huko. Kina kilinilazimisha, kweli, lakini kilinilazimisha kusema ukweli. Msimulizi wa ngonjera ile hakuwa pale. Alikuwa bado yupo chuoni, mbele ya mgeni rasmi.

Yaliyonyamaziwa

Mhakiki hutazama pia kile ambacho kazi haikisemi. Ngonjera yangu ina shoka moja na mkosaji mmoja. Haina kitu chengine chochote kinachohusiana na moto, moshi au kuni.

Nikiwa mtoto, Wesha tuliijua kwa mitambo ya umeme ya dizeli. Ilikuwa ikinguruma hapo hapo kwetu, na taa za Pemba zikitegemea mngurumo huo, mpaka mwaka 2010 ulipofika umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Hilo ni tukio kubwa kabisa la mazingira lililowahi kupita kijijini mwetu, na sijasikia ubeti hata mmoja juu yake. Siku ile ile ya sherehe chuoni, pilau ya wageni ilipikwa kwa kuni nyuma ya dahalia. Niliiona nikapita. Wala sikuona mgongano wowote baina ya sufuria ile na beti nilizokuwa nazo mfukoni.

Kwa nini shoka la mjomba likawa dhamira na sufuria ile isiwe? Jibu langu ni kwamba ngonjera ya sherehe humchagua mkosaji asiyekuwepo kwenye meza ya mbele. Hilo si suala la fani peke yake, ni suala la nani analipa fulana.

Na miche yenyewe? Tuliipanda kwenye mchanga mtupu, maji yakiwa yametoka, mahala panapopigwa picha vizuri. Hatukumuuliza mtu. Lilipokuja bamvua, ikaondoka. Sizungumzii bustani hapa, nazungumzia uhakiki: kazi ya sanaa isiyomuuliza hadhira wake swali hata moja huzaa tendo la namna hiyo hiyo.

Kisiwa kilichoitwa msala

Mtu ataniuliza: ulitaka watu wasiambiwe? Bahari iachwe ipigwe baruti kwa sababu ngonjera ina kasoro? La. Ushahidi kwamba maneno yanaweza kuhifadhi uko mbele ya Wesha, baharini.

Ukitoka Wesha kwa chombo kuelekea magharibi unafika Misali, kisiwa kidogo kisichofika hata kilomita moja ya mraba, chenye matumbawe pande zote, kasa wanaotaga na madago ya wavuvi. Hadithi yake kila mtoto wa huku anaijua. Nabii Khidhri alifika akaomba msala asali. Akaambiwa hapana msala. Akasema basi kisiwa hiki ndicho msala, kwani kimelala kuelekea kibla. Ndiyo yote.

Mwaka 1998 Misali kilifanywa eneo la hifadhi, na mwaka 2005 kikaingia ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba, iitwayo PECCA. Katika miaka ya mwanzo ya hifadhi hiyo shirika la CARE, pamoja na taasisi ya IFEES ya Uingereza iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, walikaa na wavuvi na masheikh kuzungumza juu ya bahari kwa hoja za Qur'ani: kwamba mwanadamu ni khalifa, kwamba kuna mizani isiyofaa kuvurugwa. Habari ya mradi ule ilifika mbali duniani.

Mimi nautazama kwa jicho la fasihi. Hadithi ya Misali haisemi kitu juu ya samaki. Haina mjinga, haina ubeti wa toba. Inasema tu kwamba hapa ni mahala pa kusujudia, halafu inamwachia msikilizaji afike mwenyewe kwenye swali la nani atakayetupa baruti juu ya msala. Ngonjera yangu ilikuwa na jibu na haina swali. Hadithi ile ina swali, na mwenye kulijibu ni mvuvi.

Tusiitie chumvi, lakini. Hadithi ikishachukuliwa na mradi inaweza ikageuka nayo kuwa ngonjera. Ikisomwa kila mwaka mbele ya mgeni rasmi, itachakaa. Nguvu yake ilitokana na kwamba ilikuwapo kabla ya mradi, na wenyewe waliisimulia bila ya kulipwa posho.

Chuo kinapotoka nje ya lango

Nisije nikaonekana nasema kwamba chuo hakiwezi kitu. Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanza harakati za Ukanda wa Kijani, kwa miti 7 iliyopandwa tarehe 5 Juni 1977. Mwezi Januari 1999, baada ya yeye na wenzake kupigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa watu binafsi, wanafunzi wa vyuo vya Nairobi waliandamana. Walipambana na polisi, na vyuo vikafungwa. Agosti mwaka huo huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hiyo nayo ilikuwa shughuli ya mazingira ya wanafunzi. Haikuwa na mgeni rasmi. Tofauti yake na yetu ni kwamba ilimtaja aliyekuwa na nguvu, na aliyetaja alijua kuna gharama. Said Ahmed Mohamed, mtoto wa Pemba, katika tamthilia ya Amezidi (1995) anawacheka Ame na Zidi waliozoea kutegemea misaada ya wageni. Tulipoisoma darasani tulicheka sana. Hatukujiuliza kama siku ya fulana tunakuwa sisi.

Hitimisho

Sipendekezi ngonjera zifutwe. Napendekeza mambo matatu madogo. Asiyejua apewe hoja yake ya kweli, hata kama itamshinda Msomi. Miti itajwe kwa majina yake. Na kabla ya kuandika "huko", mtunzi aangalie amesimama wapi.

Mwaka huu nimeombwa tena kutunga. Nimekwenda Wesha nikakaa na mjomba siku mbili, nikaandika upya. Safari hii Mkata-mikoko ndiye anayeanza na ndiye anayemaliza. Hatupi shoka. Anauliza atakula nini miaka ile mkoko ukikua, na Msomi ananyamaza ubeti mzima. Kamati ya sherehe imenirudishia. Wamesema ni nzuri ila haina ujumbe, na kwamba ubeti wa mtu kunyamaza hausomeki jukwaani. Wameomba nimalizie kwa toba.

Sijawajibu. Nimeleta mjadala hapa kwanza, kwa wanafunzi wenzangu na walimu wetu, maana naamini hili si langu peke yangu. Wenye hoja tofauti waandike, uwanja uko wazi. Kama wasemavyo wazee, mkoko ndio kwanza unaalika maua.