Mwafrika Katika Nchi ya Barafu: Uhakiki wa L'Africain du Groenland

Walimu wengi wa Kiswahili wa Bujumbura, Bukavu na Kigali husoma Kifaransa kwa wepesi, lakini ni nadra kukichukua kitabu cha Kifaransa na kukipima kwa mizani ya lugha tunayoifundisha. Kitabu cha Tété-Michel Kpomassie, L'Africain du Groenland, kinafaa sana kwa kazi hiyo. Kilichapwa na Flammarion mjini Paris mwaka 1981, kikiwa na dibaji ya Jean Malaurie, mtaalamu wa nchi za kaskazini. Na mwaka 1983 kikatolewa kwa Kiingereza kwa kalamu ya James Kirkup. Si riwaya, bali ni masimulizi ya safari ya kweli. Hata hivyo kimejengwa kwa ufundi wa msimuliaji, na kwa hiyo tuna haki ya kukihakiki kama kazi ya fasihi.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Kijana wa Togo, aliyezaliwa mwaka 1941, anakutana na nyoka juu ya mnazi, anaanguka, anatibiwa na kuhani wa kike wa ibada ya chatu, na baba yake anaahidi kumtoa awe mtumishi wa ibada hiyo. Wakati bado anapata nafuu, anaona mjini Lomé kitabu kinachoeleza habari za Greenland, nchi isiyo na miti wala nyoka. Anatoroka kwao. Safari inamchukua miaka ipatayo minane, akifanya kazi huku na huku katika Afrika ya Magharibi na kisha Ulaya, mpaka anapotia mguu kusini mwa Greenland mwaka 1965.

Swali la kwanza la mhakiki ni hili: mtu wa pwani ya joto anaielezaje baridi kwa msomaji ambaye hajapata kuiona? Mwandishi dhaifu angerundika sifa: baridi kali, baridi ya kutisha, baridi isiyo kifani. Kpomassie hafanyi hivyo mara nyingi. Anapofanikiwa, huieleza baridi kwa kazi yake. Tunaona watu wanavyokula mafuta na nyama mbichi, tena si kwa ushenzi, bali kwa sababu mwili unadai kuni zake. Tunaona mavazi ya ngozi, mbwa wanaokokota magari yasiyo na magurudumu, wavuvi wanaotoboa barafu ili kufikia samaki, na kahawa ambayo mgeni hanyimwi katika nyumba yoyote. Msomaji anaijua baridi kwa kuwatazama walioizoea.

Mji wa Upernavik, ambako mwandishi alikaa, uko zaidi ya nyuzi 72 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Februari wastani wa baridi huwa karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na jua halichomozi kabisa kwa zaidi ya miezi miwili. Humo alipokewa na mzee Robert Mattaaq katika nyumba ya udongo na nyasi, ambayo kuta zake za ndani zilibandikwa kurasa za magazeti, tabaka juu ya tabaka. Kwa mzee yule kuta hizo ndizo zilizokuwa maktaba yake. Sura hizi, kwa maoni yangu, ndizo kilele cha kitabu. Nje kuna baridi. Ndani kuna mzee, mgeni, na dunia nzima iliyogandishwa ukutani. Mwandishi hahitaji kutuambia kuwa baridi huwakusanya watu, kwa kuwa tumekwisha kuwaona wamekusanyika.

Liko jambo jingine ambalo mwalimu asilipite haraka. Sisi tumezoea kuiona baridi kama adui. Kwa mwindaji wa kaskazini mwa Greenland, baridi ndiyo njia. Bahari ikiganda, mbwa huweza kukimbia kutoka kijiji hadi kijiji, na mwindaji huwafikia sili. Barafu ikilegea kabla haijageuka maji ya kupitisha mashua, mtu hukwama: hawezi kwenda kwa mbwa, wala hawezi kwenda kwa mashua. Kinachomtia hofu ni joto lisilotimia. Katika miongo ya karibuni barafu ya bahari imepungua huko, na maisha hayo ya uwindaji yamezidi kuwa magumu. Msomaji wa leo hukisoma kitabu hiki akiwa na huzuni ambayo mwandishi hakuikusudia.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapojaribiwa. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu kazi ya kusimulia kwa Kiswahili sehemu inayohusu miezi ya Juni na Julai. Wengi waliandika "kiangazi kilipowadia". Mwanafunzi mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, kama ni kiangazi, mbona watu wamevaa makoti?" Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kwetu Bujumbura kiangazi ni vumbi, majani makavu na jua la utosini. Huko Upernavik wastani wa Julai ni nyuzi 5 au 6 tu, baridi kuliko alfajiri ya Bugarama au Kabale. Neno la kamusi, "majira ya joto", ni baya zaidi, maana linaahidi kitu ambacho hakipo. Hata "kipupwe" cha watu wa pwani ni moto kulinganisha na majira hayo.

Tulijadili kwa muda mrefu. Hatimaye msichana mmoja akasema kwamba kinachoyatambulisha majira hayo huko si joto bali jua, ambalo kwa karibu miezi mitatu halizami. Akapendekeza "majira ya mwanga". Najua wako watakaopinga kwamba tunabuni ovyo. Sidai kwamba neno hilo liingizwe katika kamusi. Nadai tu kwamba, katika tafsiri ya kitabu hiki, linasema kweli mahali ambapo neno la kawaida linadanganya. Isitoshe, tusiseme kwamba Kiswahili ni maskini wa baridi. Tunayo theluji, barafu, jalidi na sakitu. Tunayo maji yanayozizima na mafuta yanayoganda. Umaskini uko katika mazoea yetu ya kulitumia neno moja, baridi, kwa kila jambo.

Kitabu kina kasoro, na kubwa kuliko zote ni ya mtazamo. Katika miji ya kusini mwandishi alikuta viwanda vya samaki, nyumba za Kidenmark, ufugaji wa kondoo na ulevi, wala hakukuta mbwa wa kukokota. Akasikitika, akazidi kwenda kaskazini akiwatafuta Wainuit "halisi". Lakini je, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki si Mwinuit? Sisi tunalijua sana jicho hilo. Ndilo lililokuja vijijini kwetu likitafuta Mwafrika wa ngoma na ngozi, na likamdharau aliyevaa suruali. Inauma kuliona katika kichwa cha ndugu yetu. Namtetea kwa jambo moja tu: hakujiweka juu ya wenyeji wake. Alilala walipolala, alikula walichokula, na kila mara alipozishangaa mila zao alikumbuka za kwao Togo, akazilinganisha bila kuzitukuza wala kuzitweza.

Mwishoni anatamani kubaki Upernavik maisha yake yote, lakini anaona kwamba ana wajibu wa kurudi ili awasimulie Waafrika wenzake habari za nchi ile. Alirudi, akasimulia kwa Kifaransa, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Ila wajibu wake haujatimia maadamu mtoto wa Uvira au Gitega anaihitaji lugha ya Paris ili asikie habari alizoletewa yeye. Waliosema tembea uone walikuwa wakweli, lakini aliyeona lazima asimulie, na asikike. Ndugu walimu, tuchague sura moja, ile ya nyumba ya mzee Mattaaq, tuifasiri pamoja na wanafunzi wetu. Tutakwama kwenye maneno, na hapo tutakapokwama ndipo somo la Kiswahili litakapoanza.