Stebilaiza na Ukimya wa Inanga

Hapa Muhima husemwa kwamba stebilaiza bora husafisha muziki. Naafiki nusu tu ya dai hilo. Umeme wa Rwanda ni volti 230. Ukishuka au kupanda, stebilaiza huurekebisha na kuilinda amplifaya. Nilipoweka kubwa zaidi, amplifaya yangu iliacha kuzimika jioni, lakini mvumo kwenye spika ulibaki. Ni inanga iliyoufichua: mwimbaji hunong'ona, na ukimya kati ya nyuzi ni sehemu ya wimbo. Kiini kilikuwa ethi: vifaa vilivyounganishwa kwa nyaya za sauti vilichomekwa kwenye soketi tofauti. Nilivichomeka vyote pamoja, mvumo ukatoweka. Kwa hiyo, anayejinyima ili anunue stebilaiza mpya aukague kwanza ukutani.