Hobbiton: Kijiji Kilichojengwa Kioze

Fundi wa seti za filamu hujenga kwa haraka na kwa vitu rahisi, kwa kuwa kamera haigongi ukuta kuhakikisha kama ni tofali. Picha ikishapatikana, kazi ya ukuta imekwisha. Kwa hiyo kuhifadhi seti ni kazi ngumu kuliko kuhifadhi joho alilovaa mwigizaji. Joho likitunzwa gizani na pakavu, litakaa. Seti ya nje inanyeshewa mvua tangu siku ya kwanza.

Tutazame Hobbiton, kijiji cha wahobiti, watu wafupi wa kubuni, katika filamu za Peter Jackson. Kipo kwenye shamba la kondoo la familia ya Alexander, karibu na mji wa Matamata, New Zealand. Watafutaji wa mandhari waliliona shamba hilo kutoka angani mwaka 1998. Machi 1999 jeshi la nchi hiyo lilianza kuchonga barabara ya kilomita 1.5 kuingia humo, kisha vilima vikachimbwa na kuwekwa nyumba 39 za The Lord of the Rings. Kuziita nyumba ni adabu tu. Nyingi zilikuwa sura za mbele: mbao zisizotiwa dawa, plaiwudi, na lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, vyote vikapakwa rangi hadi vikafanana na mawe na magogo ya kale. Ukifungua mlango unakutana na udongo. Sebule ya mhobiti Bilbo ilijengwa studioni, Wellington.

Upigaji picha ulipokwisha, bomoabomoa ikaanza, lakini mvua ikaikatiza. Zikabaki sura 17 za plaiwudi tupu. Watu wakaja kuzitazama hivyo hivyo zilivyo, na ziara zikaanza mwaka 2002.

Jackson aliporudi mwaka 2009 kuandaa The Hobbit, kijiji kilijengwa upya kwa miaka miwili, nyumba zikawa 44, safari hii kwa vifaa vya kudumu. Hapo ufundi ukageuka juu chini. Awali kitu dhaifu kilipaswa kuonekana imara. Sasa kitu imara na kipya kilipaswa kuonekana kimechakaa. Mbao mpya za uzio zikapakwa zionekane zimeota kuvu la miaka mingi. Milango ikabaki na vipimo tofauti kwa makusudi, kwani mchawi Gandalf akisimama kwenye mlango mdogo huonekana jitu, na mhobiti kwenye mlango mkubwa huonekana kibete. Ukipita bila kulijua hilo, utadhani fundi alikosea kipimo.

Kazi iliyonivutia zaidi ni mwaloni ulio juu ya nyumba ya Bilbo. Katika filamu za kwanza ulikuwa mti wa kweli: ulikatwa karibu na Matamata, vipande vikapewa namba, vikasafirishwa na kuungwa tena kwa bolti juu ya kilima, kisha ukavikwa majani ya bandia kutoka Taiwan. Mti uliokatwa haudumu. Aidha, kisa cha The Hobbit kinatokea miaka 60 kabla ya kile cha The Lord of the Rings, hivyo mwaloni ulitakiwa kuwa mdogo zaidi. Mafundi wakaunda mwingine kwa chuma na silikoni, wakaufunga majani zaidi ya 200,000, jani moja moja kwa waya. Jackson hakuridhika na kijani chake; majani yakapakwa rangi upya kwa mkono. Kwa hiyo mgeni anayepiga picha chini yake leo akidhani ni mti wa filamu ya mwaka 2001 anapiga picha ya mti mwingine kabisa.

Linganisha na Leavesden, Uingereza, zilikopigwa filamu za Harry Potter. Sakafu ya Ukumbi Mkuu wa shule ya Hogwarts ilitandikwa mawe halisi ya York tangu mwanzo. Yalikanyagwa na waigizaji miaka yote ya filamu hizo, na tangu mwaka 2012 yanakanyagwa na wageni. Pale kilichohifadhiwa ni kitu chenyewe. Hobbiton imehifadhi sura yake, na sioni aibu katika hilo, maana plaiwudi ya mwaka 1999 haikuwa na namna nyingine ya kufika kwetu. Bustani za Hobbiton zimepandwa mimea hai, na watunza bustani huzihudumia mwaka mzima. Bila wao kijiji kingemezwa na nyasi.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nyumba mbili za mtaa wa Bagshot Row zilifunguliwa zikiwa na vyumba kamili vya ndani: vitanda, meko, jiko, chakula mezani. Mgeni anaruhusiwa kushika karibu kila kitu. Wameifanya kazi kwa ustadi, lakini vyumba hivyo havikuwahi kuwamo katika filamu yoyote kati ya zile sita. Huo si uhifadhi tena, ni ujenzi, na kibao mlangoni kingepaswa kusema hivyo.